Stenlesi ya dira: sumaku haishiki, lakini bamba linajigeuza lenyewe. Nani analigeuza?

#1 Fundi_Mtongwe
Salaam wakuu. Natengeneza kikalio cha dira ya boti ya uvuvi, ya mzee mmoja huku kwetu Likoni. Nilinunua bamba la stenlesi la milimita 3 katika duka moja mjini. Muuzaji akasema ni 304, ile stenlesi ya kawaida yenye kromiamu na nikeli, akalipitisha sumaku mbele yangu, haikushika. Nikalipa.

Nilipolitia kwenye jiliwa na kulikunja kwa nyundo, zile pembe zikaanza kuvuta sumaku. Si kwa nguvu, lakini zinavuta. Hilo moja.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nimekata kipande cha mraba katikati ya bamba, pahali ambapo sikupagusa kwa nyundo, nikakitundika kwa uzi wa kushonea kikae bapa kati ya sumaku mbili za spika kuukuu. Kinazunguka, kinayumba, kinatulia. Na kila kikitulia, ile mistari ya kiwandani juu ya bamba huwa imeelekea kutoka sumaku hii kwenda ile. Nikikisukuma kwa kidole kinarudi palepale. Sumaku ikigusishwa haikishiki hata kidogo. Sasa kama hakishikwi, ni nini kinachokigeuza? Na dira ya mzee itakuwa salama karibu na kitu hiki?

#2 BintiKisauni
Waalaikum salaam fundi. La pembe lina jibu. 304 ikitoka kiwandani ikiwa imepashwa moto na kupozwa sawasawa, atomu zake zimepangika katika muundo uitwao austeniti, na austeniti haivuti sumaku. Ukiikunja baridi au kuigonga, sehemu yake hugeuka martensiti, nayo inavuta. Chukua sinki yoyote ya stenlesi, pitisha sumaku kwenye ubapa, kisha kwenye kona za beseni pale mashine ilipolivuta bati. Kona mara nyingi zitashika.

La kujigeuza nawaachia wajuzi, lakini nalifuatilia.

#3 Kazungu_Vyuma
Fundi, umeuziwa 201 hapo. Mimi niko kwenye vyuma chakavu Changamwe na naona mengi. Ingekuwa 304 ya kweli isingeshika popote, kona wala ubapa.

#4 BintiKisauni
@Kazungu_Vyuma hapana kaka. 201 nayo ni austeniti. Wamepunguza nikeli, wakaijazia manganisi kama asilimia 6 au 7, na ikiwa haijakunjwa sumaku haiishiki vilevile. Na 304 ya kweli kabisa ikikunjwa baridi itashika. Inayoshika tangu mwanzo ni kama 430, yenye kromiamu isiyo na nikeli, ile ya vifuniko vya sufuria na mapambo ya magari. Sumaku inakutofautishia 430 na 304. Kati ya 304, 201 na 316, ambayo nayo ni austeniti, haikuambii kitu.

#5 Kazungu_Vyuma
Mimi shahidi wangu ni kutu. Mpe huyo fundi miezi michache ya upepo wa chumvi pale kivukoni, tutaona kama bamba lake ni 304. Reli za ngazi za 201 huku pwani hutoa madoa ya kahawia kabla aliyezifunga hajalipwa baki yake.

#6 Mjomba_Bamburi
Jibu la kipande kujigeuza ni umbo. Kitu chochote kirefu hujilaza sawa na uga wa sumaku, yaani eneo inakofika nguvu yake, ndiyo maana sindano ya dira ni sindano na si sarafu. Mraba nao una ulalo, na ulalo ni mrefu kuliko ubavu.

#7 Fundi_Mtongwe
@Mjomba_Bamburi lingekuwa la ulalo, basi zingejipanga kona, na huku zinajipanga zile mistari ambazo ziko sambamba na ubavu. Hata hivyo nimekata kipande kingine duara, nikakisugua mpaka bikari inakubali. Matokeo ni yaleyale: mistari inaelekea kwenye sumaku.

#8 Mwana_Tudor
Fundi hongera, hilo duara umelikata vizuri kuliko unavyojua. Umeondoa sababu moja nzima.

Niko chuo hapa Mombasa, nasoma fizikia ya vitu vigumu, kwa hiyo mnivumilie kidogo kwa urefu. Unachokiona kinaitwa anisotropia ya sumaku. Maana yake chuma kinapendelea usumaku wake ulale upande fulani na si mwingine. Kuna vyanzo vikubwa vitatu. Cha kwanza ni umbo, alilolisema Mjomba. Cha pili ni fuwele: atomu zimepangwa kwa safu, na kutoka upande mmoja safu hazifanani na kutoka upande mwingine. Spini ya elektroni, yaani usumaku mdogo ambao kila elektroni inao, hukutana na mpangilio huo kupitia mwendo wa elektroni yenyewe kuzunguka kiini. Kadiri atomu ilivyo nzito, ndivyo uhusiano huo unavyokuwa na nguvu. Cha tatu ni mkazo, yaani chuma kilichovutwa au kubanwa.

Hata hizo sumaku zako nyeusi za spika, ambazo ni feriti ya strontiamu au bariamu, zinadumu kuwa sumaku kwa sababu fuwele yake inaupenda mhimili mmoja kupita kiasi. Isingekuwa anisotropia, zingesahau upande wao.

Sasa pale unaposema "hakishikwi, basi nini kinakigeuza". Kutoshikwa na sumaku si lazima iwe chuma hakina usumaku ndani. Fikirieni mchezo wa kuvuta kamba, pande mbili zenye nguvu sawasawa. Kamba haiendi popote, lakini mguse uone ilivyokaza. Kuna metali ambazo atomu moja spini yake inaangalia juu na jirani yake inaangalia chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jumla ni sifuri. Hizo ndizo antiferomagneti. Louis Néel, Mfaransa, alianza kulieleza wazo hilo miaka ya 1930 na akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Uthibitisho wa macho kwa macho ulikuja 1949, Shull na Smart huko Marekani walipopiga nyutroni ndani ya oksidi ya manganisi na kuona mpangilio wa kupishana.

Na kitu kama hicho, ingawa jumla yake ni sifuri, kina mhimili kinaoupenda. Ukiweka uga sambamba na mhimili huo, spini hazitikisiki kwa urahisi. Ukiuweka kukingama, zinainama kidogo. Kwa hiyo fuwele ya antiferomagneti iliyotundikwa kwa uzi ndani ya uga hujigeuza mpaka mhimili wake ukingame na uga. Bila kuvutwa na sumaku yoyote, inajigeuza. Wanafizikia wameipima anisotropia hivyo hivyo kwa miaka mingi, kwa kitu kilichotundikwa.

Sisemi bamba la fundi ndilo hilo. Nasema jambo lenyewe linawezekana.

#9 Zai_Makadara
Umeeleza vizuri hadi nimeelewa mimi wa biashara. Stenlesi ina kromiamu, na nimeona mahali kwamba kromiamu ni antiferomagneti. Si mambo yameisha hapo?

#10 BintiKisauni
@Zai_Makadara kromiamu tupu ndiyo, ni antiferomagneti ya metali maarufu kuliko zote. Ila ikishachanganywa na chuma na nikeli haibaki na tabia yake ya peke yake, mchanganyiko mzima, yaani aloi, unakuwa na tabia mpya. 304 huingia kwenye hali ya antiferomagneti ikipozwa mpaka karibu Kelvin 40, ambayo ni kama nyuzi 233 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo hapa Mombasa mtangoja sana.

#11 Mwana_Tudor
Lakini kromiamu tupu ina kisa ambacho mtu wa Mombasa ana haki ya kukipenda. Kila antiferomagneti ina halijoto ambayo ikiipita mpangilio wake unavunjika, inaitwa halijoto ya Néel. Ya kromiamu ni Kelvin 311, yaani nyuzi 38.

#12 Zai_Makadara
Nyuzi 38! Hiyo ni Machi juani, uwanja wa Makadara, saa nane mchana. Kwa hiyo kipande cha kromiamu nikikiweka barazani kinakuwa antiferomagneti, nikikitoa juani kinaacha?

#13 Mwana_Tudor
Ndiyo, kikiwa safi na hakina mkazo. Hata mkononi mwako, mwili ukiwa nyuzi 37, kiko ukingoni kabisa. Ukiwa na homa unakivusha.

Na si kupishana kwa kawaida, moja juu moja chini. Ukubwa wa spini unapanda na kushuka kama wimbi, na urefu wa wimbi lenyewe haulingani na hatua za fuwele. Ni kama nanomita 6 kwenye baridi kali na karibu 8 ikikaribia nyuzi 38. Linalohusu mjadala huu ni kwamba ukiipoza fuwele moja ya kromiamu ikiwa ndani ya uga mkali, ikaivuka ile 38 kushuka, wimbi linachagua mwelekeo wa uga na kubaki nao. Yaani mwelekeo unaweza kuandikwa ndani ya metali ambayo kwa nje haina sumaku yoyote.

#14 Saidi_Diski
Hapo kwenye kuandika mwelekeo mmenigusa, ndiyo kazi yangu. Natengeneza kompyuta mjini na kuokoa data za watu kwenye diski zilizokufa. Kile kichwa kidogo kinachosoma diski kina aloi ya antiferomagneti ndani yake, nyembamba ya nanomita chache. Watu wanashika teknolojia hii kila siku hawaijui.

Kichwa kina matabaka mawili yenye sumaku na katikati kuna tabaka jembamba lisilo na sumaku, ambalo kwenye vichwa vya zamani lilikuwa shaba. Tabaka moja liko huru, linageuka likipita juu ya data. La pili linatakiwa lisigeuke hata iweje, maana ndilo la kulinganishia. Nani anamshikilia huyo wa pili? Ni aloi ya manganisi iliyolazwa mgongoni pake. Kwa kuwa aloi hiyo jumla yake ni sifuri, uga wa nje haupati pa kuishika ili kuigeuza. Na kwa kuwa ina anisotropia, haigeuki ovyo. Inamshika jirani yake kwa mpaka wanaogusana.

IBM walieleza muundo huo mwaka 1991 wakitumia aloi ya chuma na manganisi. Mwishoni mwa 1997 wakatoa diski ya kwanza sokoni yenye kichwa cha namna hiyo, gigabaiti 16.8. Wakati ule ilikuwa ajabu.

#15 Kazungu_Vyuma
Chuma na manganisi si itakula kutu?

#16 Saidi_Diski
@Kazungu_Vyuma umelenga. Ilikuwa inakula kutu, na tena ikipata moto wa kama nyuzi 150 inaachilia, haimshiki jirani tena. Ndipo wakahamia manganisi na nikeli, manganisi na platini, manganisi na iridiamu.

#17 Zai_Makadara
Platini na iridiamu ni mali ya sonara hizo. Hawakupata rahisi zaidi?

#18 BintiKisauni
Bei wanaijua, ila wanachonunua ni uzito wa atomu. Rudini #8, Mwana_Tudor alisema spini hujua mpangilio wa fuwele kupitia mwendo wa elektroni kuzunguka kiini, na kwamba atomu nzito huongeza nguvu hiyo. Manganisi inaleta spini, iridiamu inaleta uzito. Ndiyo maana aloi ya chuma na manganisi ina anisotropia dhaifu na ile ya iridiamu ina kubwa mno. Halafu halijoto ya Néel: chuma na manganisi karibu Kelvin 500, manganisi na platini iliyopangika vizuri kama Kelvin 975. Ndani ya kompyuta yenye joto, tofauti hiyo ndiyo inayokusomea faili lako.

Mjomba_Bamburi, la umbo nalo nilitaka kulirudia. Umbo linafanya kazi kwa sumaku ya kawaida kwa sababu ncha zake hutoa uga nje, na uga huo hurudi kuisumbua yenyewe. Antiferomagneti haina ncha. Ikate sindano au sarafu, karibu haijali. Anisotropia yake inatoka kwenye fuwele na mkazo.

#19 Mjomba_Bamburi
Hapo nimefaidika. Shukran.

#20 MzeeWaMeli
Salaam vijana. Nimekaa baharini kama mhandisi wa injini muda mrefu, sasa niko nyumbani Mikindani. Mmezungumza diski mkasahau bahari.

Kuna aloi za manganisi na shaba zilizowahi kutumiwa kutengeneza rafadha. Ukiigonga rafadha ya shaba ya kawaida inalia kama kengele. Ukiigonga ya manganisi na shaba iliyopikwa vizuri, inatoa mlio mfu. Inameza mtikisiko. Kwa chombo kisichotaka kusikika chini ya maji, kama nyambizi, hilo ni jambo kubwa. Na kinachoifanya imeze ni mambo yenu haya haya: spini zikijipanga kwa kupishana, fuwele inavutika kidogo upande mmoja, inakuwa na mhimili. Ndani ya kipande kimoja sehemu hii imechagua mhimili huu, sehemu ile mwingine, na mipaka kati yao inasogea mtikisiko ukipita. Kusogea huko ndiko kunakokula nguvu ya sauti.

Na chuma cha manganisi cha Hadfield, Mwingereza, tangu 1882. Manganisi asilimia 12 hivi. Nyundo za kusagia mawe kwenye machimbo ya kokoto, na pale reli zinapokingamana. Chuma kitupu kwa sehemu kubwa, lakini sumaku haikishiki. Kazungu lazima amekutana nacho.

#21 Kazungu_Vyuma
Mzee shikamoo. Nimekutana nacho na kimenivunjia misumeno. Wengi hukikataa, wanadhani si chuma kwa sababu sumaku imeanguka. Mimi nakichukua.

Sasa nina wazo. Kuna bamba za manganisi nyingi zaidi ya hapo, asilimia 25, 30. Kama fundi ameuziwa hilo, si itakuwa antiferomagneti hapahapa Mombasa bila barafu?

#22 Mwana_Tudor
Wazo zuri sana hilo. Aloi ya chuma yenye manganisi kama asilimia 30 halijoto yake ya Néel iko juu ya joto la chumbani, kwa hiyo ndiyo, hapahapa. Hapo nadharia ya antiferomagneti inapata pumzi tena.

#23 BintiKisauni
Inapata pumzi ya muda. Kwanza, bila kromiamu ya kutosha ingekuwa imeanza kutu mikononi mwa fundi. Pili, bamba ni fuwele ndogo ndogo mamilioni, kila moja na mhimili wake, nyingi zinafutana. Tatu, nguvu yenyewe ni ndogo mno. Antiferomagneti ikiwa ndani ya uga wa sumaku za spika inapata msokoto ambao uzi wa kushonea ungeushinda. Martensiti asilimia moja tu ndani ya 304 ingeufunika usionekane.

Mimi nasema ni martensiti. Bamba limepitishwa kwenye roli kiwandani, na pasi ya mwisho mara nyingi hufanywa baridi kulilainisha uso. Martensiti kidogo ikazaliwa humo, ikajilaza kwa kufuata roli. Haitoshi kushika sumaku ya mkononi, inatosha kugeuza kitu kinachoning'inia bila msuguano. Mistari ya fundi ndiyo mwelekeo wa roli.

#24 Mjomba_Bamburi
Na msokoto wa uzi wenyewe? Uzi wa kushonea umesokotwa. Ukining'iniza kitu unafunguka na kukigeuza.

#25 Fundi_Mtongwe
Nimezunguka na meza nzima, sumaku zote mbili, robo duara. Kipande kimefuata sumaku. Uzi haukuguswa.

#26 BintiKisauni
Safi sana. Sasa jaribu hili, ndilo litakalotupa habari. Tia alama ya wino kwenye ukingo mmoja, upande wa mstari. Kikishatulia, kigeuze nusu duara kamili, kichwa kiwe mkiani, kiachilie taratibu. Kikibaki hapo, ina maana kinapenda mhimili na hakijali kichwa wala mkia, na hiyo ni anisotropia. Kikirudi mpaka alama iangalie sumaku ileile ya mwanzo, basi kimeshakuwa sumaku ndogo chenyewe, kina kaskazini na kusini, na mjadala wetu ni mwingine. Martensiti ni ngumu, ikiwekwa karibu na sumaku kali inaweza kubaki na kumbukumbu.

Halafu kiweke kukingama, robo duara, uone kinakwenda wapi.

#27 Saidi_Diski
Wakati fundi anajaribu, niulize linalonisumbua tangu nianze kazi hii. Ile aloi inamshikaje jirani yake? Atomu za mpakani nusu zinaangalia huku, nusu kule. Zinapaswa kufutana.

#28 Mwana_Tudor
Umeuliza swali ambalo watu wameligombania tangu 1956. Mwaka huo Meiklejohn na Bean, Marekani, walipoza chembe za kobalti zenye ngozi ya oksidi ya kobalti ndani ya uga wa sumaku. Kobalti ikatoka inapendelea upande mmoja. Si mhimili, upande. Wakaiita anisotropia mpya, na kweli ilikuwa mpya, maana anisotropia nyingine zote hazitofautishi kichwa na mkia.

Tatizo ni kwamba hesabu yao, ukichukua mpaka ulionyooka na atomu zote za mpakani zimeangalia upande mmoja, inatoa nguvu kama mara 100 kuliko inayopimwa. Mwaka 1987 Mauri na wenzake wakasema nguvu haikai mpakani, inasambaa ndani ya antiferomagneti kama mpindo wa polepole wa spini. Mwaka uleule Malozemoff akasema mpaka haujanyooka, una mashimo na vilima vya atomu, na kinachobaki ni mabaki ya kubahatisha ya kufutana. Mwaka 1997 Koon akaja na kwamba spini za pande mbili hukingamana, na kwa hiyo hata mpaka uliofutana kabisa unaweza kushika.

#29 BintiKisauni
La Koon liongezee la mwaka uliofuata. Schulthess na Butler walionyesha 1998 kwamba kule kukingamana peke yake kunaleta mhimili, hakuleti upande. Kinafanya sumaku iwe ngumu kugeuka, basi. Na 2003 vipimo vya eksirei vikaona kwamba spini zilizoganda mpakani, zile zinazoshika kweli, ni kama asilimia 4 tu ya tabaka moja la atomu. Mimi hiyo naiona inamsogelea Malozemoff.

#30 Mwana_Tudor
Asilimia 4 inaweza pia kuwa kasoro tu za fuwele. Na mpindo wa Mauri haujaondoka, kwenye matabaka manene bado unahitajika. Mimi sijamwacha.

#31 Saidi_Diski
Kwa hiyo diski zimeuzwa kwa mamilioni na hamjakubaliana inashikaje. Inanifurahisha kujua hilo, nilidhani mimi tu sielewi. Néel mwenyewe kwenye hotuba yake ya Nobel alisema vitu hivi vinavutia sana kinadharia lakini havionekani kuwa na matumizi. Leo haviwezi kuepukwa.

#32 Fundi_Mtongwe
Nimerudi. Nusu duara: kinabaki. Alama iwe huku au kule, kinatulia sawa. Robo duara: kinasitasita, halafu kinaanguka upande wowote, mara huku mara kule, mpaka mistari ielekee kwenye sumaku.

#33 BintiKisauni
Basi ni mhimili. Anisotropia ya pande mbili, safi. Nimefurahi kana kwamba nimekishika mimi.

Na angalieni: mistari inaelekea *kwenye* uga. Antiferomagneti ingeweka mhimili wake kukingama na uga.

#34 Kazungu_Vyuma
Kukingama na uga sawa, lakini nani kasema mhimili wa spini uko sambamba na mistari ya roli? Ukiwa umekingamana na mistari, kitatulia vilevile alivyosema fundi. Hapo hujaniondoa.

#35 Mwana_Tudor
Kazungu ana hoja. Wa vyuma chakavu ametuamsha.

#36 MzeeWaMeli
Na mimi naongeza sababu nyingine. Fundi, kingo za duara ulizisugua na grenda? Na jiwe lile lile unalosugulia chuma cha kawaida? Jiwe huacha unga wa chuma umejichimbia usoni mwa stenlesi. Ukiwa umesugua kwa kufuata mistari, unga umelala kwa mistari. Huo unatosha kukigeuza, na ndio utakaotoa madoa ya kutu ambayo Kazungu atasema ni 201.

#37 Fundi_Mtongwe
Mzee, jiwe ni lilelile. Nina moja.

Nimefikiria kitu: nikipasha kipande moto kwa gesi mpaka kiwe chekundu kisha nikizimishe majini, martensiti itarudi kuwa austeniti? Kikiacha kugeuka tutajua.

#38 BintiKisauni
Kwa kipande cha majaribio, ndiyo. Lakini uwe moto wa kweli, nyuzi 1,050 hivi kipande kizima, na maji haraka. Unga wa chuma nao uondoe kwanza kwa asidi ya sitriki, la sivyo moto utauchanganya na uso na hutajua kilichoondoka ni kipi.

#39 MzeeWaMeli
Kwa kipande cha majaribio tu, wallahi, nasisitiza. Usiguse kikalio chenyewe kwa moto wa gesi. Stenlesi ikikaa kati ya nyuzi 425 na 850, kromiamu yake inakimbilia kaboni kwenye mipaka ya fuwele, na kando ya mipaka hiyo inabaki bila kinga. Kwa macho inang'aa. Maji ya chumvi yataila kutoka ndani, na siku moja bolti inang'oka na dira mkononi. Nimeona shafti nzima imekatika hivyo, iliyonyooshwa kwa moto na fundi mwenye nia njema. Kama ni lazima uchomelee, tafuta zenye herufi L, 304L au 316L, kaboni yake ni ndogo.

Na mshono wa kuchomelea nao utavuta sumaku kidogo, usishtuke. Vijiti vya kuchomelea 304 hutengenezwa viache feriti asilimia chache (si ile ya spika, huu ni muundo wa chuma unaovuta sumaku) ili mshono usipasuke ukipoa.

#40 Zai_Makadara
Jamani, na dira ya mzee? Watu wanakwenda baharini usiku na hiyo.

#41 MzeeWaMeli
Dira haitaki nadharia. Fundi, ichukue dira yenyewe, iweke mezani mbali na vyuma, ingoje itulie. Sogeza kikalio polepole kutoka kila upande, mpaka umbali kitakapofungwa, na ukizungushe pale. Sindano ikitikisika hata digrii moja, kikalio hicho hakifai. Ungeuliza mimi, ningekitengeneza kwa alumini au shaba njano tangu mwanzo, na bolti zake shaba. Stenlesi ni nzuri kwa mengine yote botini.

#42 Fundi_Mtongwe
Nimefanya. Ubapa haugusi sindano. Pembe zilizokunjwa zinaisogeza, zikiwa karibu. Kikalio natengeneza upya kwa alumini, mzee nimeshamwambia amekubali. Bamba nalibakisha kwa majaribio. Kesho nanunua jiwe jipya la grenda, nakata duara jingine la bamba hilihili na moja la 316 nililoahidiwa na jirani.

#43 BintiKisauni
Usikate kwa grenda kabisa, hata jiwe likiwa jipya. Grenda inapasha ukingo na kuukaza. Kata kwa msumeno wa mkono, polepole, na mafuta.

#44 Kazungu_Vyuma
Msumeno nao unakaza ukingo. Meno yanasukuma chuma kabla ya kukikata, mtapata martensiti mpya ukingoni mzunguko mzima.

#45 Mwana_Tudor
Mzunguko mzima ndiyo sawa, ikiwa sawasawa pande zote haitachagua upande. Fundi, kata kwa msumeno, kisha ukingo uliwe kwa asidi. Ukija chuo mpigie simu mlinzi aniite, tuna mizani ya kupima msokoto, na kipande cha 30 kwa mia manganisi naweza kuomba maabara. Kazungu naye aje na cha Hadfield.

#46 Kazungu_Vyuma
Nakuja nacho. Ila msumeno mnunue nyinyi.

#47 Mjomba_Bamburi
Na mkate duara mbili kutoka bamba moja, moja iliyokatwa karibu na ukingo wa bamba na moja katikati. Roli haibani sawa pote.